Joka wa Mpingo: Uzoefu Wangu wa Kuagiza Kisu cha Kukunja cha Sanaa

Kisu ninachokieleza hapa nimekaa nacho kwa miezi kumi na minne. Kikiwa kimekunjwa kina urefu wa sentimita 11, na mtu anayekipokea kiganjani kwa mara ya kwanza haoni kisu. Anaona joka aliyejikunyata usingizini, shingo ameilaza juu ya mgongo na ubawa mmoja ameubana ubavuni. Ukisukuma bega la ubawa huo kwa kidole gumba, wote unafunguka, na hapo ndipo unapotambua kwamba ubawa ndio ubapa wenyewe: sentimita 8 za feleji iliyofuliwa kwa mkono, yenye viduara vilivyopangana mithili ya magamba. Mwisho wa mzunguko husikika mlio mmoja mfupi na mkavu, kisha hakuna kinachotikisika.

Nilianza kukusanya visu vya majoka, mazimwi na viumbe wengine wa kubuni mwaka 2016, na miaka miwili ya mwanzo niliipoteza kwa kununua vya kiwandani. Majoka ya visu hivyo humiminwa kwenye kalibu, yakapakwa rangi, kisha yakabandikwa kwenye mpini wa kisu ambacho kingekuwa kilekile hata kama pambo lingekuwa tai au fuvu la mtu. Baada ya wiki chache ubapa huanza kucheza kushoto na kulia, na rangi hubanduka kwenye kingo. Nilivigawa vyote. Nilichobaki nacho ni kipimo kimoja ambacho sijakiacha mpaka leo: kisu cha kukunja nakitazama kwanza kwenye egemeo, pale ubapa unapozungukia, kwa sababu fundi ambaye hakuanza kumfikiria joka wake kutokea hapo huwa amechonga pambo zuri na kulitundika kwenye kisu cha kawaida.

Fundi aliyenitengenezea kisu hiki nilimkuta kwenye Blade Show, maonyesho ya visu yanayofanyika Atlanta kila mwaka mwezi Juni, ambayo kwangu si safari kwa kuwa ninaishi katika jimbo hilohilo la Georgia, Marekani. Anafanya kazi peke yake, na mezani pake palikuwa na visu vinne tu. Nilimwonyesha mchoro wangu wa joka mwenye mkia uliopinda juu kama ndoano. Aliutazama kwa muda, akachukua kadibodi, akakata vipande viwili, akavishikanisha kwa pini moja na kunipa nivifungue mwenyewe. Ule mkia nilioupenda sana ulinichoma katikati ya kiganja. Tulikata kadibodi nyingine tano siku hiyohiyo, na katika ile ya mwisho pini iliangukia kwenye bega la joka, ambako hata mnyama wa kweli angekuwa na kiungo. Nilijua hapo kwamba nimempata mtu wangu. Bei tuliyokubaliana ilikuwa dola 1,650, nikatanguliza 300. Aliniahidi miezi minane. Ikawa kumi na mitatu.

Ubapa unastahili maelezo marefu kidogo, maana ndio uliobeba sehemu kubwa ya bei. Umefuliwa kwa aina mbili za feleji zinazotumiwa sana na wahunzi wa Marekani, 1084 na 15N20, na hii ya pili ina nikeli kiasi cha asilimia 2. Fundi alipanga mabamba 15 kwa kupishanisha, akayaunganisha kwa moto na nyundo, akakikata kipande kilichopatikana kuwa vipande vinne na kuvirundika tena, akarudia hivyo mara moja zaidi, na kwa hesabu hiyo zikapatikana tabaka 240. Kisha alitoboa vishimo vya kina kifupi kwa safu juu ya chuma na kukifua upya mpaka uso ukawa bapa. Pale palipokuwa na kishimo, tabaka za chini hupanda juu na kujichora kama viduara ndani ya viduara. Ubapa uliokwisha kunolewa na kusafishwa kwa msasa ukizamishwa kwenye kloridi ya feri, kemikali inayokula chuma, feleji ya kawaida huliwa na kuwa nyeusi, na ile yenye nikeli hubaki iking'aa. Magamba ya joka wangu hayakuchorwa na mtu juu ya chuma. Yamo ndani ya chuma chenyewe, na hata nikiunoa ubapa kwa miaka mingi yataendelea kuwepo. Nikizamisha tena yatatokeza. Kutoka kwenye egemeo kwenda nchani viduara vinapungua ukubwa, kama magamba yanavyopungua kuelekea ncha ya ubawa, na kazi hiyo ilimlazimu kubadilisha upana wa keekee kwa kila safu.

Mpini ni wa mpingo, kwa ombi langu. Mafundi wa visu wa huku wanaufahamu vizuri mti huu kwa uzito wake na kwa jinsi unavyokubali kung'arishwa bila kupakwa chochote, ila wengi wao hawajawahi kuona shina lake likiwa limesimama, nami nimekulia Nachingwea, ambako nilimwona mjomba wangu akiuchonga karibu kila siku ya utoto wangu. Nilipompigia simu kumweleza mpango huu aliniuliza jambo moja tu, kama fundi huyo ana subira. "Mjomba, mpingo haukaushwi kwa haraka," alisema. "Mwambie auache ukae, la sivyo utapasuka naye akiwa ameshamaliza kuchonga." Nilifikisha ujumbe huo. Fundi alikuwa na kipande alichokinunua kwa muuzaji mwenye vibali, jambo ambalo nililisisitiza kwa kuwa mpingo umo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu mwaka 2017, na kipande hicho kilikuwa kimekaa rafuni kwake miaka sita. Tazama shingo ya joka kwa kioo cha kukuzia: kila gamba limekatwa kwa patasi ndogo, na upande wa kushoto, chini ya taya, fundi ameuacha mstari mwembamba wa nje ya mti, ule wenye rangi ya maziwa, ukawa koo la joka. Mjomba alipoona picha yake alinyamaza, kisha akaomba nimtumie nyingine ya karibu zaidi.

Sasa kasoro. Kisu kilipofika, ubapa haukukaa katikati ya mpini. Uliegemea kushoto kwa unene wa karatasi hivi, na ndani ya siku tatu ncha ilikwisha kukwaruza ukuta wa metali ya titani ulio ndani ya mpini na kujitia alama ya urefu wa ukucha juu ya magamba. Kwa kisu cha dola 1,650 hilo si jambo la kuvumilia, na niliumia zaidi kwa sababu ukaguzi wenyewe ni mwepesi: ukikielekeza kisu kilichokunjwa dirishani, mianga miwili inayopenya kando ya ubapa inapaswa kulingana. Nilimwandikia fundi nikamwambatishia picha. Hakubishana. Sababu ilikuwa washa mbili za shaba, vile vipete vyembamba vya kwenye egemeo, ambazo hazikuwa na unene sawa. Alizibadilisha, akausafisha ubapa na kuuzamisha upya, nao ukarudi baada ya wiki tano bila alama yoyote. Gharama ya kukituma kwake nililipa mimi, na naona haikuwa haki.

Kifungio chake ni cha ulimi: ubamba mwembamba wa titani ulio ndani ya mpini huchepuka na kuingia nyuma ya kisigino cha ubapa, ukauzuia usijifunge. Muundo huo katika sura yake ya kisasa ulitengenezwa na fundi wa visu Michael Walker mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mtu akikuuzia kisu cha sanaa angalia ulimi unakaa wapi. Ulimi haupaswi kugonga ukingoni mwa kisigino tu, wala kuvuka kwenda upande wa pili. Kwa kulinganisha huwa natumia Sebenza ya mtengenezaji Chris Reeve, kisu kisicho na nakshi hata moja, ambacho jina lake linatokana na neno la Kizulu lenye maana ya kufanya kazi. Joka wangu, baada ya matengenezo, anafungwa kwa uthabiti unaokaribia sana wa kisu hicho.

Kuta za titani ni za buluu. Rangi hiyo si ya kupaka: chuma hupitishiwa umeme kikiwa majini, utando wa oksidi ukajijenga juu yake, na unene wa utando ndio unaoamua rangi; kwa voti 30 hivi hutoka buluu. Inapendeza, ila pale kidole changu kinaposukuma ulimi imeshaanza kufifia.

Anayefikiria kununua ajue kwamba feleji ya namna hii hushika kutu. Baada ya kukishika nakifuta kwa kitambaa na tone la mafuta mepesi, na sikihifadhi kwenye ala ya ngozi, kwa kuwa ngozi hutunza unyevu. Pia nilipokwenda Ujerumani kumtembelea dada yangu nilikiacha nyumbani, maana sheria ya huko inakataza kutembea hadharani na kisu kinachofunguka kwa mkono mmoja na kujifunga, isipokuwa kwa sababu inayokubalika kisheria.

Ningempa fundi alama nne kati ya tano, na ile iliyokosekana ni ya washa na ya posta. Nimeshaagiza cha pili kwake. Safari hii nimeomba nunda, yule paka wa sultani katika hadithi zetu aliyeanza na mifugo akaishia kula watu, mwenye ubapa unaotoka kama ukucha kutoka kwenye kiganja chake. Kadibodi ya kwanza ilinifikia wiki iliyopita. Mkia bado unagusa njia ya ubapa, na fundi ameomba mwezi mmoja zaidi.