Lenzi ya milimita 50 au ya 18–55: ipi imfae mpigapicha wa Kigoma?

Kwa mwanga, 50 ya f/1.8 inashinda bila ubishi (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa). Ile ya 18–55, ya kuvuta (zoom), ukiivuta hadi mwisho hufunguka f/5.6 tu, mwanga unaoingia ni kama sehemu moja ya kumi. Kwenye ukumbi wa harusi Ujiji wenye taa hafifu, ya kuvuta ikidai kufunguka kwa 1/15 ya sekunde, 50 inakupa kama 1/125 kwa ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) ileile. Kwa 1/15, mkono wa bibi harusi anayelisha keki unatoka ukungu. Kitulizi cha lenzi hutuliza mtikisiko wako wewe, si wa anayecheza.

Ila f/1.8 ina hila. Ukisimama mita moja na nusu, sehemu inayotoka kali ni kama sentimita sita: jicho safi, sikio limefifia. Watu wakiwa safu mbili, funga hadi f/5.6, na hapo ile faida ya mwanga ndiyo basi tena.

Kwa nafasi, 18–55 haina mpinzani. Kwenye kamera za kihisi (sehemu inayonasa picha) kidogo, 50 hubana kama 75 au 80 kwenye kamera ya kihisi kikubwa. Sebuleni utagonga ukuta kabla familia haijaenea kwenye picha. Mwaloni Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mitumbwi na milima ya Kongo ng'ambo vinaingia vyote kwa 18.

Vumbi? Ya kuvuta hulinyonya inaporefuka. Kubadili lenzi huliingiza kwenye kihisi. Puliza kwa pampu ya mpira, mdomo huacha mate.

18–55 mara nyingi huja na kamera. Kazi zako zikiwa za usiku, ongeza 50. Zikiwa vikundi na mandhari ya mchana, hela hiyo nunulia stendi ya kamera.