Seti za mwanzo za Magic: ununue ipi kwanza?

Magic: The Gathering, mchezo wa kadi wa wachawi wanaopigana, ilitoka Agosti 1993, na kabla ya mwaka 1994 kwisha Wizards of the Coast, kampuni inayoichapa, walikuwa wameshatoa seti tano za nyongeza: Arabian Nights, Antiquities, Legends, The Dark na Fallen Empires. Hizi tano ndizo wachezaji wengi huzitafuta wanapotaka kuonja enzi ile. Swali ninaloulizwa kila mara ni moja: pesa yangu ya kwanza niipeleke wapi?

Jibu langu huwashangaza wengi. Anza na The Dark. Arabian Nights, ambayo kila mtu huitamani, naiweka ya mwisho. Si kwamba ni mbaya. Naipenda kuliko zote. Lakini anayenunua kwa mara ya kwanza anahitaji kadi atakazozichanga, azitoe mezani na kuzicheza, na kwa kipimo hicho mpangilio hugeuka kabisa.

Kabla ya kwenda mbali: nunua kadi moja moja, usinunue pakiti zilizofungwa. Bei ya pakiti ya zamani imebeba matumaini ya kukuta ile kadi moja kubwa, na matumaini hayo unayalipia hata usipoikuta. Isitoshe, pakiti inaweza kufunguliwa, ikachujwa, kisha ikafungwa upya kwa ustadi. Pakiti za Arabian Nights, Antiquities, The Dark na Fallen Empires zina kadi 8 tu kila moja, na nyingi kati ya hizo 8 ni kadi ambazo ukizinunua peke yake hazikugharimu karibu chochote.

Jambo lingine ni kwamba alama ya seti (kijipicha kinachoonyesha kadi imetoka seti ipi) katika kadi za miaka hiyo ni nyeusi kwa kadi zote. Rangi za kuonyesha uadimu zilianza na seti ya Exodus mwaka 1998. Kwa hiyo muuzaji akikuambia kadi ni adimu, kwa macho hutajua. Tafuta kwanza orodha ya seti nzima, ndipo uanze kujadiliana bei.

1. The Dark (Agosti 1994, kadi 119)

Seti hii iliongozwa na Jesper Myrfors, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wa kwanza wa michoro ya Magic, na inaonekana. Alama yake ni mwezi mwandamo. Kila kadi ina giza lake: wakulima wenye njaa, mapadri wakali, viumbe vya kinamasi, wachawi wanaowindwa. Hakuna seti nyingine ya wakati ule ambayo ukiitandaza mezani inaonekana imetoka kwenye dunia moja kama hii.

Halafu inachezeka. Anza na Maze of Ith, iliyochorwa na Anson Maddocks. Ni kadi ya ardhi isiyotoa mana (nguvu ya kulipia kadi nyingine) hata tone, na mwanzoni utadhani umepoteza nafasi ndani ya deki, yaani rundo la kadi unalochezea. Ila kiumbe akikushambulia, Maze humwinua tena na kufuta madhara yote ya pigano lake, ya kumpiga na ya kupigwa. Adui aliyejenga deki nzima kwa ajili ya jitu moja kubwa huanza kuhesabu upya. Kwenye Commander, aina ya uchezaji ambamo deki huongozwa na kiumbe mmoja mashuhuri, kadi hii bado ina heshima yake.

Kisha kuna Ball Lightning ya Quinton Hoover: kwa mana tatu nyekundu unapata kiumbe wa 6/1 (nguvu ya kupiga 6, uimara 1) anayeshambulia zamu ileile, anapita juu ya wanaomzuia, na zamu ikiisha anakufa. Na Blood Moon, inayogeuza kila ardhi isiyo ya msingi kuwa Mountain, yaani ardhi ya msingi ya mana nyekundu, mpaka leo huwatoa watu jasho. Ongeza Fellwar Stone na Tormod's Crypt, ambazo zinaingia karibu deki yoyote.

Uzuri wa The Dark ni kwamba nyingi ya kadi hizi zimechapwa upya mara kadhaa, kwa hiyo toleo la asili halina bei ya kutisha kama za wenzake wakubwa. Mtu mwenye subira anaweza kuikamilisha seti nzima, na hiyo ni furaha ambayo Legends na Arabian Nights hazimpi mnunuzi wa kawaida. Zile ambazo hazijachapwa tena, kama Preacher na City of Shadows, ziache mwisho.

2. Antiquities (Machi 1994)

Kama unapenda mashine na vyombo vya kichawi, ipandishe hii iwe ya kwanza wala sitakupinga. Alama yake ni fuawe la mhunzi, na seti nzima inahusu vita vya ndugu wawili, Urza na Mishra. Ilikuwa mara ya kwanza kwa seti ya Magic kuwa na kisa chake yenyewe, kilichotawanywa vipande vipande kwenye maandishi ya kadi.

Nunua Mishra's Factory. Ni ardhi inayotoa mana na, ukitaka, hugeuka kiumbe cha 2/2 na kwenda vitani. Ilichorwa kwa misimu minne: masika, kiangazi, vuli na baridi, na bei za misimu hiyo hazilingani. Kwa kucheza, chukua ile ya bei nafuu. Inafanya kazi ileile. Ardhi tatu za Urza, yaani Mine, Tower na Power Plant, nazo zina michoro minne kila moja, na ni raha kuzikusanya kidogo kidogo. Atog, Ornithopter, Ashnod's Altar na Hurkyl's Recall zinakamilisha kapu la mtu mwenye bajeti ya wastani.

Mishra's Workshop na Candelabra of Tawnos ni habari nyingine. Zote mbili zimo kwenye Reserved List, ahadi ambayo Wizards walitoa mwaka 1996 kwamba kadi fulani hawatazichapa tena. Usiguse hata moja kati ya hizo kama hujajifunza kutambua feki, na nitalieleza hilo hapo chini.

3. Fallen Empires (Novemba 1994)

Kadi za Fallen Empires zilichapwa nyingi mno, zaidi ya milioni 300, zikajaa kwenye maduka mpaka seti ikawa jina la dharau. Kwa mwekezaji hilo ni tatizo. Kwa mchezaji ni zawadi. Ukingo mweusi, michoro ya 1994, na bei ya chini kabisa katika orodha hii.

Kadi zake nyingi za kawaida, yaani zisizo adimu, zina michoro mitatu au minne tofauti. Hymn to Tourach, inayomlazimisha mpinzani kutupa kadi mbili bila kuchagua, ina minne, na kukusanya yote ni mradi mzuri wa kuanzia. Chukua pia High Tide, Goblin Grenade na Order of the Ebon Hand. Kama unaelekea kwenye uchezaji wa Old School, unaotumia kadi za miaka ya mwanzo tu, uliza kwanza: kuna vikundi vinavyoikubali Fallen Empires na vingine vinavyoishia The Dark. Ni seti pekee hapa ambayo sitamkataza mtu kufungua pakiti kwa burudani, mradi ajue kwamba hakuna utajiri ndani.

4. Legends (Juni 1994, kadi 310)

Kubwa, tajiri, na imejaa makapi. Ndiyo iliyoleta kadi za dhahabu zenye rangi zaidi ya moja, na ndiyo iliyoleta viumbe mashuhuri wenye majina yao. Mazimwi watano wakongwe, Nicol Bolas akiwa mmoja wao, ndio chimbuko la uchezaji ambao leo tunauita Commander. Bila seti hii, nusu ya Magic ya sasa isingekuwepo.

Lakini kati ya kadi hizo 310, nyingi hazina maana mezani. Jedit Ojanen anadai mana saba, na unachopata ni 5/5 asiye na uwezo wowote. Thamani yote imelundikana kwenye kadi chache: The Tabernacle at Pendrell Vale, Moat, The Abyss, Chains of Mephistopheles, Mana Drain, Karakas. Kwa hiyo kusema unanunua Legends mara nyingi ni kusema unanunua kadi mbili za ndoto na rundo la karatasi.

Njia yangu ni toleo la Kiitaliano. Lilitoka mwaka 1995, lina ukingo mweusi na michoro ileile, linaruhusiwa kwenye mashindano, na kwa kawaida bei yake iko chini ya toleo la Kiingereza. Kadi kama Sylvan Library na Karakas kwa Kiitaliano ni nzuri ajabu. Hakikisha tu unajua maneno ya kadi kwa moyo au una tafsiri karibu.

Kutambua feki

Kuanzia hapa bei zinapanda na waongo wanaongezeka, kwa hiyo nunua lenzi ndogo ya kukuzia kabla hujanunua kadi yoyote ya Reserved List. Ni kifaa cha bei rahisi.

Geuza kadi uangalie mgongo wake. Kuna maduara matano ya rangi. Lenga lile la kijani. Ndani yake, penye mwanga hafifu, kadi halali huonyesha vidoti vinne vyekundu, vitatu vikiwa mstari na kimoja pembeni, kama herufi L. Feki nyingi huvikosa, au huvionyesha kama ukungu mwekundu. Kisha rudi mbele uangalie herufi nyeusi za jina. Kwenye kadi halali wino mweusi umepigwa juu kwa chapa yake, kwa hiyo herufi ni nzito na kingo zake ni safi, wakati picha inayozizunguka imeundwa na vidoti vya rangi vilivyojipanga kama maua madogo. Herufi zikiwa nazo zimeundwa na vidoti vya rangi, irudishe kadi kwa mwenyewe.

Usikubali kadi ikunjwe ili kupimwa. Kipimo hicho kimeharibu kadi nyingi halali. Na kwa mauzo ya mbali, omba picha ya mbele, ya nyuma na ya pembe zote nne, nje ya kifuko cha plastiki. Muuzaji anayekataa amekwisha kukujibu.

Kuhusu hali: kwa mchezaji, kadi yenye pembe zilizofifia na weupe kidogo ukingoni ndiyo ununuzi bora. Bei hushuka sana, na ndani ya kifuko hakuna atakayeona. Kinachopaswa kukutisha ni unyevu, mkunjo unaopita kwenye picha, na ukingo uliopakwa wino mweusi wa kalamu kuficha weupe. Huo utauona kwa kuinamisha kadi kwenye mwanga: wino wa kalamu hung'aa tofauti.

5. Arabian Nights (Desemba 1993)

Richard Garfield, mbunifu wa Magic, aliitunga mwenyewe kutokana na hadithi za Alfu Lela Ulela. Kwa sisi tuliokua na Sindbad na Aladini, kuwakuta kwenye kadi zenye alama ya upanga uliopinda ni raha isiyo na kifani. Lakini zilichapwa kadi milioni 5 hivi tu. Library of Alexandria, Bazaar of Baghdad na Juzám Djinn zina bei ya kununulia vitu vikubwa maishani, na hata kadi za kati zimepanda.

Ukitaka kipande chake, tafuta Kird Ape au Erhnam Djinn zilizochakaa. City of Brass na Erhnam Djinn zipo pia kwenye Chronicles, seti ya 1995 ya kadi zilizochapwa upya, zenye ukingo mweupe, kwa bei ndogo kabisa. Ujue pia kwamba Juni 2020 Wizards walipiga marufuku kadi 7 kwa maudhui ya kibaguzi, na 6 kati yake zinatoka seti hii na Legends, zikiwemo Jihad na Invoke Prejudice. Asikuuzie mtu ukidhani utazicheza mashindanoni.

Homelands, seti ya Oktoba 1995, imeachwa nje ya orodha makusudi. Chukua Serrated Arrows, Memory Lapse na Merchant Scroll, zote ni kadi za kawaida na za bei rahisi, kisha endelea na safari yako.