Bamba la kukaangia la Lodge kambini: kwenye jiko la pleti mbili ndiyo, juu ya mtungi wa kilo 6 hapana

Bamba hili ni chuma kizito cha kusubu, urefu wa sentimita 50 hivi kwa upana wa 26, uzito kama kilo 6. Uso mmoja ni laini, wa pili una matuta. Linatengenezwa na Lodge, kampuni ya South Pittsburg, Tennessee, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1896. Kwa kambi ya gari yenye watu wanne hadi wanane linashinda vikaango viwili. Chapati mbili huiva pamoja, au mayai upande mmoja na soseji na vitunguu upande wa pili, na wote wakala moto kwa wakati mmoja. Kwa anayepanda Kilimanjaro halifai hata kidogo. Hakuna sababu ya kumbebesha mpagazi kilo 6 za chuma.

Kinachoamua kama utalipenda au utalichukia ni jiko utakaloliweka juu yake, na hapo ndipo wengi hukosea.

Katika nchi zetu jiko la kambi la kawaida ni mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye bana, yaani kichomeo, iliyofungwa juu yake moja kwa moja. Usiweke bamba hili hapo. Limeuzidi upana ule mduara wa sufuria, kwa hiyo joto likigonga chuma haliendi juu, linarudi chini kwenye valvu, kwenye raba ya kuzuia gesi na kwenye kichwa cha mtungi. Raba ikilainika gesi huvuja, na inavuja sentimita chache tu kutoka kwenye moto. Tena chuma chenyewe huwa kimekaa juujuu. Ukigeuza chapati ya pembeni kwa nguvu kidogo, kilo 6 za chuma cha moto zinapinduka na mtungi unazifuata.

Linalofaa ni jiko la pleti mbili linalokaa mezani, mtungi ukiwa pembeni, umeunganishwa kwa regulata na mpira wa gesi wa mita moja na nusu. Kabla ya kununua bamba, chukua futi upime umbali kutoka katikati ya bana moja hadi katikati ya nyingine. Sentimita 28 hadi 32 ndiyo bora. Ukizidi 36, kama ilivyo kwa majiko mengi ya nyumbani, miali inaangukia kwenye ncha za bamba na katikati panabaki baridi. Chapati itaungua pembezoni wakati kitovu kikiwa kibichi. Majiko ya kambi yanayokunjwa kama mkoba, mfano Coleman ya bana mbili, yana bana zilizokaribiana na yanalichukua bamba vizuri zaidi. Tatizo lake huku kwetu ni gesi. Yameundwa kwa vikopo vya propani vya gramu 465, ambavyo si vya kuokota kila duka, kwa hiyo utahitaji kiunganishi cha mtungi mkubwa. Valvu za mitungi midogo na mikubwa mara nyingi hazifanani, kwa hiyo nenda dukani na mtungi wenyewe, si na picha yake kwenye simu. Ukishaunganisha, paka povu la sabuni kila penye maungio. Povu likitoa mapovu mapya, fungua ukaze upya kabla ya kuwasha chochote.

Jambo la pili ni pumzi ya moto. Bamba likifunika jiko lote hadi kwenye kingo, moshi uliokwisha kuungua hauna pa kutokea na hewa safi haiingii. Utaona mwali wa buluu unageuka manjano, masizi yanajaa chini ya chuma, na hapo monoksidi ya kaboni, gesi yenye sumu, inazalishwa. Acha nafasi ya vidole viwili kila upande. Vitufe vya plastiki vya jiko navyo huyeyuka bamba likivifunika, basi lisogeze nyuma kidogo. Usipikie ndani ya hema, hata mvua ikinyesha. Kwenye kambi za umma za Seronera, Serengeti, kuna vibanda vya kupikia vilivyozungushiwa wavu dhidi ya wanyama. Pikia humo, lakini upande ambao hewa inapita.

Sasa moto wenyewe. Chuma cha kusubu hushika joto vizuri lakini hulisambaza taratibu sana. Alumini hupitisha joto mara nne zaidi. Ukiwasha bana zote kwa nguvu, ndani ya dakika tatu utakuwa na miduara miwili inayotoa moshi na kati yake sehemu ambayo yai halitetemeki. Washa moto mdogo pande zote mbili, uache dakika 10 hadi 12, kisha ongeza kidogo. Hakuna njia ya mkato. Kupandisha kilo 6 za chuma kutoka nyuzi 20 hadi 200 kunakula gesi ya gramu 25 hadi 30 hivi, kwa kuwa zaidi ya nusu ya joto hupotea kandoni. Kwa mtungi wa kilo 6 hiyo ni kidogo, kwa kikopo cha gramu 230 ni zaidi ya sehemu ya kumi kabla hujakaanga lolote. Ndiyo maana bamba hili linalipa ukipikia watu wengi mfululizo, na ni hasara ukitaka yai moja la asubuhi.

Pima joto kwa matone ya maji. Yakikaa na kuchemka polepole, bado. Yakichacharika na kukauka ndani ya sekunde mbili tatu, weka mayai. Yakikimbia juu ya chuma kama shanga, ni joto la nyama, na pia la kuanzia chapati, ukipunguza moto mara ya kwanza inapotua. Ukishapata joto, tumia udhaifu wa chuma kwa faida yako: zima bana moja, na upande ule utakaa vuguvugu kwa muda mrefu, mahali pazuri pa kuwekea zilizoiva.

Upepo ndio adui mkubwa wa gesi nyikani. Kinga jiko kwa bati au sanduku la vyombo upande upepo unakotoka, lakini mtungi ubaki nje ya kinga hiyo. Kwenye ukingo wa Ngorongoro, takriban mita 2,300 juu ya bahari, baridi ya alfajiri hupunguza nguvu ya gesi. Gesi yetu ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani, na butani huacha kugeuka mvuke ikikaribia nyuzi sifuri. Mtungi nao hujipoza wenyewe kadiri unavyotoa gesi, hivyo ukiwa karibu kuisha moto hufifia. Usiupashe kwa moto. Uweke juani, au ndani ya beseni la maji vuguvugu yanayovumilika mkononi. Kukaanga huko juu kuna nafuu moja kubwa: maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi na maharage yanakataa kuiva, lakini bamba halijali mwinuko.

Uso laini una mfereji mdogo wa mafuta, nao hujaa upesi. Inamisha jiko kidogo kwa kipande cha ubao ili mafuta yaelekee kona moja, na uyafute kwa kitambaa kilichobanwa na koleo kabla hayajafurika kwenye mwali. Soseji za bei rahisi na mafuta ya mbuzi ndiyo hufurisha.

Uso wa matuta hauna kazi kambini. Nyama hugusa chuma kwa mistari tu, mafuta huungua kwenye mifereji, na kuusafisha kunakula maji ambayo pengine umeyabeba kutoka Karatu. Mishkaki haitulii juu yake. Anayetaka nyama choma abebe mkaa.

Kusafisha: bamba likiwa bado vuguvugu, mwaga maji nusu kikombe, kwangua kwa mwiko bapa wa mbao, futa, rudisha kwenye moto likauke kabisa, kisha paka mafuta membamba mno na uyafute kana kwamba hukuyataka. Maji baridi mengi juu ya chuma cha moto yanaweza kukipasua. Masalia ya mafuta hayo yasibaki nje usiku, maana fisi hunusa mbali. Pwani, chumvi ya hewani huleta kutu haraka. Kwangua kutu, paka mafuta, choma bamba kwenye oveni ya nyuzi 230 kwa saa moja likiwa limefudikizwa.

Usipolipata, au bei ikikushinda, fundi wa kuchomelea akukatie chuma cheusi cha milimita 4 au 5 kwa vipimo hivyohivyo, akunje kingo tatu. Cha milimita 4 kitakuwa na kilo 4 hivi, kitapata joto mapema, na hakipasuki kikidondoka kutoka kwenye gari. Chini ya milimita 3 kitapinda, na mayai yatakimbilia bondeni. Kikatae chuma kilichopakwa zinki, kwani kikipata moto mkali hutoa moshi wenye sumu. Njiani lifunge ndani ya gunia na ulilaze chini kabisa ya mizigo, mbali na mtungi, ambao lazima usafiri umesimama.