Tahadhari: hidrati inayouzwa kama chumvi kavu ya maabara

Ndugu mnaoagiza kemikali mtandaoni, kuweni macho na wauzaji wanaotangaza salfeti ya magnesiamu "isiyo na maji", ile inayotumika kukaushia viyeyusho, kisha wanatuma hidrati, yaani chumvi iliyofunga maji ndani ya fuwele zake, yenye molekuli saba za maji. Yamenifika. Kopo lilikuwa na lebo safi na unga mweupe, na kiyeyusho nilichotaka kukikausha kilibaki na ukungu uleule.

Nilipolalamika, muuzaji alijibu kwa lugha ya kitaalamu kwamba maji hayo si unyevu, kwa kuwa yamefungwa ndani ya fuwele kwa vifungo vya hidrojeni, na kwa hiyo ni sehemu ya chumvi. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, ndiyo maana linawanasa wengi.

Ni kweli kwamba katika fuwele hizo molekuli sita za maji huizunguka ioni ya magnesiamu, oksijeni zao zikiwa zimeielekea. Ya saba haiigusi magnesiamu kabisa: hidrojeni zake, zenye chaji chanya kidogo, huvutwa na oksijeni za jirani, na oksijeni yake nayo huvuta hidrojeni za molekuli nyingine za maji; mvuto huo ndio kifungo cha hidrojeni. Salfeti ya shaba ya buluu imejengwa kwa mtindo unaofanana na huo, maana molekuli nne zimeishika shaba na ya tano imekaa katikati ya maji na salfeti kwa vifungo vya hidrojeni peke yake. Muundo huo ulielezwa na wanasayansi Beevers na Lipson mwaka 1934. Lakini kifungo cha hidrojeni ni dhaifu mno kikilinganishwa na kile kinachoshikanisha hidrojeni na oksijeni ndani ya molekuli moja, na maji yaliyoshikwa hivyo yanabaki kuwa maji, yenye uzito wake kwenye mizani. Kilo moja ya hidrati hiyo ya magnesiamu ina takribani gramu 512 za maji na gramu 488 tu za chumvi. Zaidi ya hayo, chumvi ambayo nafasi zake za maji zimekwisha kujaa haiwezi kukausha chochote.

Salfeti ya shaba humuumbua muuzaji mapema, kwa sababu ikiwa kavu ni nyeupe na ikiwa na maji ni ya buluu, ingawa buluu hiyo hupauka ikisagwa laini sana. Ya magnesiamu ni nyeupe kwa hali zote mbili, na ndiyo inayochezewa zaidi.

Msiridhike na cheti kinachosema kwamba sampuli ilikaushwa kwa joto la chini na "unyevu" ukaonekana mdogo. Molekuli ya saba huondoka kwa urahisi, hata katika hewa kavu, lakini ya mwisho haitoki mpaka joto lipite sana nyuzijoto 200, kwa hiyo aliyepima kwa joto la chini hakuyaona maji mengi yaliyomo.

Jaribio la haraka ni kutia kijiko cha unga katika maji kidogo ndani ya bilauri nyembamba, huku mmevaa miwani ya kinga. Chumvi kavu hutoa joto ambalo mkono unalihisi kwenye kioo, ilhali hidrati huyapoza maji kidogo inapoyeyuka. Mwenye mizani na tanuri imara aunguze gramu 10, apime, arudie mpaka uzito usibadilike tena: hidrati halisi itabakiza karibu gramu 4.9, na chumvi kavu itabaki karibu gramu 10. Tofauti ndogo isiwatie shaka, kwani chumvi kavu hufyonza mvuke wa hewani kopo likifunguliwa mara kwa mara.

Kabla ya kulipa, mtakeni muuzaji aandike kwenye ankara fomula kamili pamoja na idadi ya molekuli za maji. Huyu wangu nilimwomba hivyo baada ya malalamiko, akaacha kujibu ujumbe.