Paka katoroka, kurasa 16 hazipo

Nimekasirika na bado sijapoa, kwa hiyo nisomeni hivyo hivyo. Kitabu nilichokisubiri wiki nzima kimenifikia. Nimeanza kukisoma baada ya chakula cha usiku, na pale roho ilipokuwa juu kabisa, pale paka alipochoropoka nje ya nyumba, nikafunua ukurasa nikakutana na picha nilizokwisha kuziona. Kurasa 16 za nyuma zimejirudia. Zile 16 zilizotakiwa kukaa hapo hazipo. Nikaruka mbele, paka yuko ndani tena kajilaza kama hakuna lililotokea. Alirudije? Nani alimwona? Walimshika au alijirudisha mwenyewe? Sijui, na nimelipa elfu sitini.

Kitabu chenyewe ni kile cha Junji Ito, Mjapani mchora vitisho, kuhusu paka wake wawili, Yon na Mu. Wasomaji wa manga, yaani hadithi za picha za Kijapani, hawahitaji kuambiwa Ito ni nani. Ndiye aliyemchora Tomie, msichana anayeuawa na kurudi akiwa hai kila mara. Alimwanza 1987, akiwa bado fundi wa kutengeneza meno ya bandia. Ndiye wa Uzumaki pia, mji mzima unaopagawa kwa umbo la mzunguko, kama gamba la konokono. Uzumaki niliisoma mchana, mlango wazi, na bado nikamwita mdogo wangu aje akae karibu. Sasa mtu huyo huyo, miaka ya 2007 na 2008, akakaa akachora habari za nyumbani kwake: nyumba mpya, mchumba wake, na paka. Niliposikia habari zake nilisema hiki lazima nikipate.

Sikukipata dukani. Nikamwagiza muuzaji mmoja wa mtandaoni hapa Dar, anayeleta vitabu kutoka nje. Jina lake nalihifadhi. Alikuwa mwepesi wa kujibu kabla sijatuma pesa, hilo lazima niliseme. Bodaboda alikileta hadi getini kikiwa kwenye nailoni, jalada halina hata mkunjo.

Niliposhtukia lile kosa nikazipiga picha kurasa mbili, ile ya mwanzo na ile iliyojirudia, nikaziweka pembeni kwa pembeni nikamtumia. Akanijibu hivi: "Dada, vitabu vya Wajapani vinaanzia nyuma. Wewe unasoma kinyume, ndiyo maana unaona vinajirudia." Nikamwambia kwa adabu kabisa, kaka, najua, nasoma manga tangu niko sekondari, naanzia kulia naenda kushoto, hebu tazama hizo picha mbili. Kimya. Baadaye akatuma ujumbe wa sauti. Nimeusikiliza mara nyingi kuliko inavyofaa. Anacheka kwanza, halafu anasema: "Sista, mtu mzima kweli unagombana kwa ajili ya katuni ya paka?" Nyuma yake nasikia mwingine naye anacheka.

Nilichomjibu kimebaki na tiki mbili za bluu mpaka leo.

Mnielewe, sikasirikii kiwanda. Karatasi kubwa hupigwa chapa pande zote mbili, hukunjwa ikawa fungu la kurasa 16 au 32, kisha mafungu hupangwa kwa zamu na kubandikwa mgongoni. Fungu moja likiingia mara mbili na jingine likasahaulika, ndiyo hayo. Hutokea. Angeniambia tu "pole dada, kweli kimeharibika, kibadilishe au nikurudishie nusu", ningekunja nafsi yangu na leo ningekuwa namsifia. Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, kisha nikaambiwa sijui mbuzi anafananaje.

Na hilo neno, katuni ya paka. Nataka nimweleze aliyelisema, na kama anasoma hapa ni vizuri.

Huyu bwana anayechorwa humu, ambaye ni Ito mwenyewe ila anaitwa J tu, si mpenzi wa paka. Yeye ni mtu wa mbwa. Nyumba ni mpya, ukuta unanukia upya, na A-ko, mchumba wake, anamleta paka kutoka kwa wazazi wake. Paka ni mweupe, ana mabaka meusi mgongoni yanayofanana na fuvu la kichwa, na sura yake, anavyoiona J, ni sura ya laana. Jina ni Yon, maana yake nne kwa Kijapani. Nne hiyo ina matamshi mengine, shi, yanayolingana na neno la kifo, na wenyewe huko huikwepa namba hiyo kama sisi tunavyomkwepa bundi juu ya paa. Ito anazichora habari hizi kwa mkono ule ule wa vitisho. Vivuli vizito, jasho usoni, macho yamemtoka mtu. A-ko mwenyewe kamchora macho meupe matupu, hayana mboni, kama mzuka anayetambaa sebuleni. Ukigeuza ukurasa unategemea maiti. Unakutana na mtu mzima anayemsihi paka amtazame.

Hapo ndipo kitabu kinaponishika. J anabadilika kidogo kidogo. Alianza akihofia nguzo na kuta zake zisiparuliwe makucha. Mara anamwonea wivu mwenzake kwa sababu paka anamfuata yeye. Mara kashika kijiti cha kuchezea, anaruka na kujipinda mbele ya Yon na Mu, na paka hawana habari naye. Uso anaojichora hapo ni uso ambao kwenye vitabu vyake vingine humpa mtu aliyeona shetani. Nilicheka mpaka chozi likanitoka, halafu nikanyamaza, maana uso ule naujua. Ni wa baba yangu.

Baba alikuwa hataki paka ndani. Kwake paka kazi yake panya, na mahali pake ni stoo. Nilipomleta Chausiku, kapaka keusi ka kuokota, kadogo kiasi cha kuenea kwenye kofia, aliniambia sitaki kumwona kwenye kochi. Basi kuna usiku mmoja nilitoka kunywa maji nikamkuta baba jikoni, taa imezimwa, kachuchumaa. Kashika kichwa cha samaki kwenye kisahani. Alikuwa ameshakitoa miiba yote, kaipanga pembeni kama njiti za kiberiti, na anasema kwa sauti ndogo, "njoo basi mama, njoo." Chausiku kakaa mlangoni anamtazama tu. Nilirudi chumbani kimyakimya.

Kisha Chausiku akapotea. Masika ilikuwa, mvua za usiku kucha. Siku nne. Baba alizunguka mtaa mzima na tochi, mzee wa watu, anaita juu ya kuta za majirani. Chausiku alirudi mwenyewe alfajiri, sikio limechanika, hana kilo. Hadi leo hatujui alikuwa wapi.

Sasa mnaona kwa nini kurasa hizo 16 zinaniuma? Katika kitabu kizima, ndipo hapo tu nilipotaka kujua mwenzangu alifanyaje. Alisimama wapi, aliita vipi, uso wake ulikuwaje. Na ndipo palipokosekana.

Nilipoanza kuandika nilitaka kutoa nyota moja. Lakini moja nampa nani? Kitabu hakina kosa. Kitabu ni nyota tano, tena kinunueni hata kama mnaogopa vitisho, toleo la Kiingereza lilitoka 2015 na lugha yake si ngumu, na humu hakuna mauaji. Muuzaji hana nyota. Sifuri. Ingawa, tuwe wakweli, ndiye aliyenifikishia kitabu ambacho hakuna mwingine hapa aliyekuwa tayari kuniletea, na ningekuwa nimeshakifuta mawazoni. Basi mbili. Hapana. Nimeusikiliza tena ule ujumbe wa sauti sasa hivi, nikasikia kile kicheko. Sifuri, na ibaki hapo.

Kitabu chenyewe sirudishi. Jana baba alikikuta mezani, akavaa miwani, akakifunua kwa kuanzia upande usio wake. Nikakigeuza nikamwonyesha aanzie wapi. Kiingereza hakimpandi vizuri, alikuwa anafuata picha tu. Alikaa sana kwenye ile ya mtu anayejipinda na kijiti. Akauliza, "Huyu ni nani?" Nikamwambia ni mchoraji, Mjapani, ndiye mwenye paka. Akatikisa kichwa, akaendelea, na alipofika penye lile pengo akarudi nyuma, akaenda mbele, akarudi tena.

"Mbona hawaonyeshi alivyorudi?"

Aliye na nakala nzima hapa Dar naomba aniazime siku moja tu. Nitaifuata mwenyewe popote alipo, na nitairudisha jioni hiyo hiyo.