Phantom au Flying Spur?

Zote ni gari za kifahari za Uingereza: Rolls-Royce Phantom huundwa Goodwood, Bentley Flying Spur hutoka Crewe. Ukipenda kushika usukani mwenyewe, chukua Bentley. Ile ya injini ya W12 (silinda 12 zilizopangwa kwa umbo la W) ilifika kilomita 333 kwa saa. Phantom imewekewa kikomo cha 250.

Lakini moyo wangu uko kiti cha nyuma cha Phantom. Bawaba za milango yake ya nyuma ziko upande wa nyuma, kwa hiyo unaingia bila kujikunja. Mwamvuli umefichwa ndani ya mlango. Kwenye dari, ukitaka, vitaa vidogo humetameta kama nyota. Toleo la 2017 lilibeba takriban kilo 130 za vizuia kelele, hivyo injini yake ya V12 (silinda 12 kwa umbo la V) ya lita 6.75 husikika kwa mbali tu. Utulivu huo ndio ningeulipia.