Mafuta ya Nazi kwa Biskuti za Embe na Ndimu: Tazama Kwanza Mdomo wa Chupa

Wasomaji wanaooka biskuti laini za embe na ndimu, zile zisizotiwa maziwa, mayai wala siagi, wamekuwa wakiniletea lalamiko lile lile: biskuti zimetandaa kwenye trei hadi zikaungana, zimekuwa nyembamba kama chapati za maji, na kingo zimekauka kabla ya katikati kuiva. Wengi wanailaumu oveni, wachache wanaulaumu unga, na karibu wote wanasisitiza kwamba walinunua mafuta ya nazi ya bei ghali. Ninapowauliza mafuta hayo yalikuwa katika chombo cha namna gani, jibu huwa ni chupa ndefu yenye shingo nyembamba. Kwa hiyo mwongozo huu hautajadili faida za mafuta ya nazi kwa moyo, ngozi au nywele, mambo ambayo yamekwisha kuandikwa kupita kiasi, bali utaanza na mdomo wa chupa.

Mafuta ya nazi huyeyuka yakifika nyuzi 24 hivi za Selsiasi na huganda yakishuka chini ya hapo. Nairobi mwezi wa Julai utayakuta kabatini yameganda kabisa, na Mombasa mwezi wa Machi ni maji matupu mchana na usiku. Biskuti laini zinayahitaji yakiwa kati ya hali hizo mbili, yaani yanayobonyea kwa kidole bila kutiririka, kwa sababu sukari inapopigwa ndani ya mafuta ya namna hiyo, punje zake huacha vishimo vidogo vya hewa, na hewa hiyo husaidia kuinua biskuti isiyo na yai. Mafuta yaliyoyeyuka hayashiki hewa. Donge litaonekana zuri kwenye bakuli, litang'aa hata kukupendeza, kisha likipata moto litatandaa kabla unga haujashikana.

Sasa mfikirie mwokaji wa Nairobi mwenye chupa ya shingo nyembamba asubuhi ya baridi. Kijiko hakiingii. Atatumia mpini wa kijiko, kisha kijiti cha mishikaki, na atapata vipande viwili vitatu vyeupe visivyotosha hata robo kikombe. Mwishowe ataitumbukiza chupa katika maji ya moto, ambapo mafuta yaliyo pembeni yatayeyuka kwanza na mche mgumu utabaki katikati, na kwa kuwa mche huo haupiti shingoni, atalazimika kungoja wote uwe maji. Mwokaji wa Mombasa naye anapata shida hiyo hiyo kwa njia nyingine: akitaka kuyagandisha mafuta kidogo kwenye friji, hawezi kuyakoroga wala kuyajaribu kwa kidole, na akichelewa kidogo tu yameshakuwa jiwe lililofungiwa ndani ya chupa. Chombo chenye mdomo unaoingiza kijiko cha kupakulia huondoa shida hizi zote, na nashangaa kwamba lebo hutaja kila sifa ya nazi bila kusema neno juu ya jambo hili.

Chaguo langu la kwanza ni mafuta ya nazi ya Kentaste, ambayo hutengenezwa Kwale, na sioni sababu ya kuficha kwamba ninayapendelea. Harufu yake ya nazi ni bayana lakini haina ukali, na inapokutana na maganda ya ndimu yaliyokwaruzwa na embe kavu, kila kimoja husikika mahali pake. Kampuni hiyo hutengeneza tui pia, kwa hiyo unaweza kutumia mafuta na tui vya mkono mmoja. Angalia tu kwamba tui limetoka nje ya friji mapema, kwa sababu tui baridi likimiminwa juu ya mafuta huyagandisha papo hapo yakawa vipande vidogo vinavyoacha matundu yenye mafuta kwenye biskuti. Rafuni chukua chombo chenye mdomo mpana. Ukikuta chembamba tu, siku hiyo rudi mikono mitupu, hata kama mafuta ni ya Kentaste.

Nafasi ya pili ninaipa mafuta ya nazi yaliyosafishwa hadi yakaondolewa harufu, yanayoletwa kutoka nje na kuuzwa katika maduka makubwa, mradi yawe katika kopo au chupa pana. Haya yanafaa zaidi biskuti za nanasi na chungwa, kwa sababu chungwa ni pole na harufu ya nazi hulifunika kwa urahisi. Ukitumia danzi badala ya chungwa, rudi kwenye mafuta yenye harufu, kwani uchungu wa danzi unahitaji kitu cha kuukabili. Nanasi bichi lina maji mengi mno; likatekate, lipike peke yake hadi maji yakauke, kisha lipoe kabisa, la sivyo litayayeyusha mafuta uliyohangaika kuyapata katika hali ifaayo.

Ya tatu ni Parachute ya chupa ya buluu, ambayo madukani mwetu mara nyingi hupangwa pamoja na mafuta ya nywele. Soma lebo uhakikishe kwamba hiyo unayoishika imeandikwa kuwa ya kuliwa. Ubaya wake kwa kazi yetu ni shingo ile nyembamba, na kwa hiyo ukiyanunua, siku hiyo hiyo yayeyushe na uyahamishie katika chupa kavu yenye mdomo mpana.

Majarini haiingii katika orodha hii bila masharti. Nyingine zina maziwa ya unga au sehemu ya maziwa, na vitamini D inayoongezwa humo mara nyingi hutokana na mafuta ya sufu ya kondoo, jambo ambalo anayeepuka vyote vitokanavyo na mnyama hatalifurahia. Tena majarini ina maji ndani yake, ilhali mafuta ya nazi karibu yote ni mafuta, kwa hiyo anayebadilisha kimoja kwa kingine apunguze kipimo cha mafuta ya nazi kwa kama sehemu moja ya tano na aongeze tui kidogo.

Mafuta ya kupikia ya Kimbo na Kasuku ni rahisi, hutokana na mimea, hubaki yameganda hata Mombasa, na kijiko huingia bila taabu. Ila huacha utando kwenye kaakaa unaozima ndimu.

Linaloniudhi zaidi ni bei. Nazi hutoka Kilifi na Kwale, mwendo wa saa chache tu kutoka sokoni Mombasa, lakini mafuta yake yakishatiwa katika kichupa cha kioo chenye kitambaa cha gunia shingoni huuzwa kana kwamba ni marashi. Linganisha bei kwa kila mililita 100, si kwa chupa, maana vichupa hivyo huonekana nafuu kwa kuwa ni vidogo. Kuna muuzaji mmoja aliyewahi kunieleza, bila haya, kwamba mafuta yake yanauzwa ghali kwa sababu "hayagandi", akiitaja hiyo kuwa sifa ya ubora. Mafuta ya nazi ya kawaida yasiyoganda hata kwenye friji yanatia shaka ya kuchanganywa na mafuta mengine, na hata yangekuwa safi, hayatufai kwa biskuti hizi. Wauzaji wanaojaza mafuta katika chupa kuukuu za maji nao wapo. Wengine mafuta yao ni mazuri sana, yamepikwa nyumbani kwa tui la siku hiyo, nami huyanunua kwa ajili ya wali na samaki. Kwa biskuti ninamwomba muuzaji anipimie katika chombo changu mwenyewe, na akikataa kwa kisingizio kwamba chupa ni sehemu ya bei, ninamwachia mafuta yake.